Jina nililomkataza Profesa Shee kuliandika

Hili halinishuki kooni. Juzi tu Profesa Shee alinipigia simu kuniuliza watoto wa chuo zamani walikalia mkeka au jamvi, nikamwambia aniache, nina samaki jikoni. Leo wananiambia ameshazikwa.

Anayeandika hapa kwenye ukurasa wa rambirambi zake ni mjukuu wangu Salma. Mimi sikutiwa shule hata siku moja. Nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinipambe.

Kwa msiomjua: Shee alizaliwa hapa hapa Amu, Lamu mnavyoiita, akawa profesa wa historia. Miaka mingi alishughulika na jambo moja, kujua chuo kikuu alikofundisha kilitoka wapi. Kumbe kilianza kama chuo kidogo hapa mtaani kwetu, kiwanja kimoja, watoto wakisomeshwa Kurani na hesabu, kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu.

Vitabu vyote vilisema kiwanja kile kilitolewa na tajiri fulani. Shee hakuamini.

"Bi Maryamu, nimesoma karatasi za tajiri yule zote. Ameandika hadi mbuzi aliyempa shemejiye. Kiwanja hakimo!"

Alikuja kwangu mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Sisi wanawake tulikuwa ndani tunawasomea maiti wetu Fatiha, jina kwa jina. Yeye alikaa nje barazani, kumbe masikio yako ndani.

"Bi Maryamu, kila maiti wenu mumemtaja na baba na babu. Mmoja mumemtaja peke yake. Ni binti wa nani?"

"Ni binti wa udaku wako. Kunywa kahawa."

Akanywa. Akauliza kahawa imetiwa nini.

Wallahi mtu yule alikuwa na maswali! Siku moja alinitembeza kiwanja kizima juani, mimi kizee, ati nihesabu hatua, kwa sababu huenda aliyekipima alikuwa mwanamke. Nikamwambia, "Shee, nikifa hapa utaliandika na hilo?"

"Nitaliandika, na saa yake."

Akaenda hadi kisiwa cha Pate. Akashukia bandarini Mtangawanda amelowa mpaka kofia, akamtafuta ajuza mmoja ambaye mamake alisoma katika chuo kile. Akamuuliza kama na wao wana jina wanalolisomea Fatiha kila Alhamisi. Ajuza akamwambia, "Tunalo. La mwanamke aliyetupa kiwanja. Ndilo sharti alilotuwekea."

Jina lilikuwa lile lile letu.

Akarudi kwangu mato yanamng'aa. "Nimempata! Tena nadhani najua kwa nini hatajwi na baba. Nipe ruhusa niandike."

Nikamfukuza. Ndiyo, nilimfukuza, na sandali zake nikazitupa ndiani. Siku zile dadake Salma alikuwa na posa, na nti hii yetu watu husahau sala lakini hawasahau nani alitoka kwa nani. Nikamwambia, "Ukiliandika jina lile, usinisalimie mpaka kiama."

Kitabu chake kilikuwa na deadline, ati siku ya mwisho. Wakubwa wake walikitaka kwa sherehe ya chuo kikuu, na picha ya tajiri ukurasa wa mbele. Shee hakumtia tajiri. Aliandika hivi, Salma amenisomea mara tatu: kiwanja hakikutolewa na tajiri, kilitolewa na mwanamke, jina lake ninalijua, na nimeombwa nisilitaje.

Walimcheka mkutanoni. Profesa gani anaandika "najua lakini sisemi"? Ukuu wa idara akapewa mwingine. Yeye hakuniambia, niliyasikia kwa watu.

Nilipomuuliza alisema, "Bi Maryamu, uongo siuwezi, na siri yako si mali yangu." Halafu akaniuliza mkate wa mofa zamani ulipikwa kwa unga gani.

Hakuniomba jina tena. Lakini aliuliza yote ya kandokando. Mwanamke yule alisuka mikeka ya rangi gani? Alicheka kwa sauti au aliziba mdomo? Alipokuwa mzee nani alimfulia nguo? Nami nikawa namjibu, huku nakuna nazi, bila kujua kwamba kidogo kidogo ananirudishia mtu wangu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza habari zake. Hata wanangu.

Posa ilipita, harusi ikapita, vitukuu wakazaliwa. Sikuwa na sababu tena. Nilikuwa na mazoea ya kunyamaza tu. Kila akija nasema nitamwambia safari ijayo.

Basi sikilizeni, na mwenye kutaka kunong'ona anong'one.

Aliyetoa kiwanja anaitwa Zena. Aliletwa Amu akiwa mtoto, mtumwa, hakumbuki hata jina la babake. Alipopata uhuru alisuka mikeka miaka na miaka mpaka vidole vikapinda, akanunua kiwanja, akakifanya wakfu watoto wa watu wasomee. Mtoto wake mwenyewe, mama yangu, walimu hawakumpokea chuoni, ati ni mtoto wa mtumwa.

Ni nyanya yangu mzaa mama. Nilikuwa nikilala miguuni pake.

Wewe mkuu wa idara, na ninyi nyote mliocheka, najua mnasoma hapa. Njooni na karatasi. Mlango wangu uko wazi tangu alfajiri. Kuandika sijui, lakini dole gumba ninalo, nitalichovya wino niligonge mbele yenu. Na kwenye kitabu muandike kwamba Shee alijua kabla yenu wote.

Shee, mwanangu, ulinistahi kuliko nilivyostahili. Mungu akupanulie kaburi lako. Ulale sasa, baba. Nimeshalisema.