Tumbo la Blanketi

Siku Hasinabi alipolifungua robota la sari kuukuu mbele ya Mingelina, Msidi mwenzake wa kule msituni India, uzao wa Waafrika waliovuka bahari, alijua kapata mjinga. Mwanamke yule alikaa kibarazani akipapasa nguo moja moja hadi jua likafika utosini, kisha akachukua zilizochakaa, nzima akaziacha. Walipatana upesi: Hasinabi alete nguo kutoka sokoni Haliyal, Mingelina ashone mablanketi ya viraka, na katika kila mawili, moja la mleta nguo. Mvua za mwaka mzima zilipita ndipo Hasinabi akatambua mjinga alikuwa nani. Nguo iliyochakaa haigombani na sindano, na usingizi haiukatai.

Miaka kumi na moja walikwenda hivyo. Mingelina alizika mume, akaoza mabinti watatu, kila mmoja na blanketi lake, na vigae vya paa vikazidi kuvuja.

Ndipo Hasinabi akaja na karatasi ya hoteli moja ya mjini. Mablanketi sita, yote sawa, miraba myekundu na myeupe, kuanzia katikati kwenda nje. Malipo yangetosha mabati ya nyumba nzima kabla ya mvua.

Mingelina aliigeuza karatasi juu chini. "Nianzie katikati? Shoga, wewe huingia nyumbani kwa kutoboa paa?"

"Lako limeshajitoboa lenyewe. Shona."

Kwao blanketi huanzia ukingoni, viraka vikizunguka kuingia ndani, jicho likichagua na mkono ukifuata, hadi kibaki kitundu katikati. Humo hutiwa punje za mchele, atakayejifunika asilale na njaa, ndipo kitundu kizibwe.

Karatasi ilitaka rula. Kitambaa laini kilivutika, miraba ikapinda, Mingelina akafumua, akashona, akafumua tena. Wiki tano. Vidole alivifunga matambara, macho yakamchuruzika. Hasinabi alimletea majani ya chai na samaki wakavu. Si kwa huruma, mshonaji mwenye njaa hamalizi kazi.

"Nimechoka mpaka kucha," alisema Mingelina.

"Choka ukishona."

Alfajiri ya kuchukua mzigo, yote sita yalikuwa tayari, yamenyooka kama ukuta. Hasinabi akamkuta mwenzake ameshika wembe, anafumua mraba wa katikati wa blanketi la sita, matano ameshayafumua.

"Wee! Umerogwa?"

"Mchele ningeutia wapi? Karatasi yako ilianza kwa kuziba tumbo."

"Wageni wa hoteli hawali blanketi, dada!"

"Basi kalale wewe humo na njaa yako."

Miraba iliyofumuliwa ilikuwa imechanika, na nyekundu ilikwisha. Mingelina aliziba kwa alichokuwa nacho: kijani hapa, maua ya manjano pale. Hasinabi akavitazama vile vidole, akaanza kuyakunja mablanketi. Ugomvi usingerudisha nyekundu.

Msimamizi wa hoteli aligusa kila kiraka kwa ncha ya kidole. Akachukua mawili, ya chumba cha walinzi. Manne Hasinabi aliyauza sokoni kwa bei ya soko.

Mabati yalifunika nusu ya nyumba. Mvua ilipoanza, Mingelina alikisogeza kitanda upande mkavu, akalala siku mbili mfululizo.

Hasinabi aliikosa hoteli. Mshonaji hakumkosa. Robota lililofuata alilifunga mwenyewe, zilizochakaa juu. Mingelina hakuligusa.

"Lina karatasi?"

"Halina."

"Ingia, basi. Kaa huku, kule kunavuja."