Karani wa Alama na Mguu wa Anaïs

"Karani, mwandike Odette akimbie badala ya mjukuu wangu! Huoni mguu wa Anaïs umevimba?"

"Haiwezekani, Bibi. Kwenye softiboli, anayekimbia badala ya mdakaji kama Anaïs lazima awe hajacheza leo. Odette aliingia, akatoka. Na mwingine wa akiba hamna."

Bibi akaapa Odette hajagusa uwanja. Karani hakubishana, huyo habishani na mtu. Alilamba ncha ya penseli, akapuliza vumbi juu ya daftari, akalifunua polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala. Bibi, aliyewaambia wazazi wote wa mtaa huu wa Umbilo kwamba kwao Bukavu, kabla ya vita, alikuwa akiwafundisha mapadri kusoma, akatembeza kidole mstari kwa mstari, akiguna kama hakimu. Karani akaligeuza daftari taratibu, maana upande wa Bibi lilikuwa kichwa chini, wala hakumtazama usoni.

"Ni hapa, Bibi. Wewe ndiye uliyepiga kelele mpaka Odette akaingizwa."

Kweli, ni yeye, tena kwa sauti iliyofika bandarini.

"Eish! Basi niandike mimi. Mimi sijacheza. Kwetu nilikuwa nawapita swala."

Karani akalamba penseli. "Umri?"

Mwamuzi akaingia hemani kwa karani kuuliza nani anakimbia, akamkuta Bibi kainama, kandambili moja mkononi, akiivua ya pili tayari kukimbia.