Hoja Yangu ya Gesi

Nakumbuka mchana mmoja kule Palma, pwani ya Msumbiji, mwanangu, na nakueleza kwa mara ya mwisho, maana umenichosha. Kila ukija hapa ni lile lile: "Nithibitishie Mungu yupo, ndipo nisali." Kuuliza si ujinga, lakini wewe huulizi, unabishana.

Hata mimi nilibishana. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Nampula, mtoto wa katekista, niliyeacha kusali chuoni. Nilitaka kuamini tena, ila sikukubali kupiga goti bila hoja, basi nikawa naandika kitabu. Ndiyo miaka gesi ilipogunduliwa baharini, mji mzima hauna habari nyingine, nami nikaona nimepata: wazee wa kule walivua samaki juu ya gesi bila kujua ipo, na Mungu ni hivyo hivyo. Niliipenda hoja ile, jamani!

Akafa mume wa jirani yangu, Bi Mwanasha. Pwani ile kukiwa na msiba, wanaume wa mtaa huenda kuchimba kaburi, wawe Waislamu, wawe Wakristo. Mimi nilibaki ndani na kitabu changu. Kesho yake nikaenda kumpa pole, na badala ya pole nikamsomea hoja. Kwenye mkeka wa matanga!

Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini. Kisha akasema, "Mwalimu, gesi waliitafuta, wakaiona. Sisi jana tulikutafuta wewe makaburini, hatukukuona. Haya, chukua shoka. Kaburi la mume wangu halijazungushiwa miti, nguruwe mwitu watalifukua."

Nilikwenda na aibu yangu. Nikakata miti pamoja na shemeji zake, tukaisimika. Walipoinua mikono kuomba dua, kwa Kiarabu nisichokijua, nami nikainamisha kichwa, na midomo ikaanza yenyewe Baba Yetu kwa Kimakua, lugha ya kwetu, kama baba alivyonifundisha. Nililia. Kitabu nilikimaliza baadaye, na hoja ya gesi nikaifuta.

Sasa, mwanangu, kwa jirani yako kuna msiba, wanalia tangu alfajiri, na wewe umekaa hapa unanidai ushahidi! Imani haingoji umalize kubishana. Nenda kwa watu, ukasali ukiwa na udongo mikononi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mungu mwenyewe nilimkuta huko. Jembe lipo nyuma ya mlango. Nenda, naye akubariki mikono kwanza, kichwa baadaye.