Kuku wa Aina Nne na Yai la Shangazi

Mwenye kuku wa aina moja hulijua tatizo lake. Mimi nilikuwa nao wa aina nne, na kila aina ilininyima mayai kwa namna yake. Nitaeleza polepole, maana huenda nawe umesimama uani kwako asubuhi hii, kuku wamekuzunguka, na sufuria ni tupu.

Tulikuwa tukikaa Karagwe, upande wa Nyakasimbi, miaka ile Mdachi alipokuwa ameshaweka boma lake Bukoba. Mume wangu alikuwa na duka la nguo, shanga na chumvi. Mama yake tulikaa naye. Kwangu mimi alikuwa shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo kisha akaniozesha kwa mwanawe. Alitufuata kutoka Tabora kwa kunionea huruma, kwa kuwa huku sikuwa na mtu wa kuongea naye mambo ya kwetu. Lakini chakula cha huku kilimshinda. Ndizi za kupika zilimjaza tumbo, maharage hayakumpa usingizi, na nyama hakuweza kuitafuna kwa kukosa meno. Kilichopita vizuri ni uji, pamoja na yai la kuchemsha ambalo halijaiva sana, lililonyunyiziwa chumvi.

“Mwanangu,” aliniambia, “msafara wa Tabora ukipita, naondoka nao. Sitaki kufa njaa katikati ya migomba.”

“Na ukipata yai kila asubuhi?”

“Nikipata yai kila asubuhi nitakaa mpaka wewe mwenyewe unifukuze.”

Basi nikaona jambo ni jepesi. Kuku si ninao?

Wa kwanza walikuwa kuchi, niliotoka nao Tabora ndani ya tenga. Kuchi ni mrefu, kifua mbele, anatembea kama mwenye mji. Hutaga kidogo, na akirudi kiotani hukanyaga alichokitaga, kwa uzito wake. Wa pili, kidimu, yule ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea nje. Pwani manyoya yale humpunguzia joto. Karagwe, mvua za masika zikishuka na ukungu ukalala juu ya migomba, kidimu hutetemeka kama mgonjwa wa homa, na kuku anayetetemeka hatagi. Nilimhamishia jikoni, akawa anaota moto pamoja na shangazi, wote wawili wakinung'unika.

Wa tatu alikuwa kishingo, asiye na manyoya shingoni. Huyo hutaga vizuri, nakushauri umtafute. Kosa lake ni kuatamia. Elewa hapa: kuku akishataga mayai ya kutosha hutaka kuyalalia, na akianza kuyalalia huacha kutaga. Kwa hiyo mtu anayetaka mayai ya kula humwondolea kila siku, akimwachia moja tu ili asikihame kiota. Tena usiondoe kwa mkono, ondoa kwa kijiko, ndivyo nilivyofundishwa. Kishingo wangu nilimwondolea, akaatamia jiwe.

Wa nne ni kuku wa hapahapa, wadogo, wepesi, hodari wa kutaga. Ila hawakutaga kwangu. Walivuka wakaenda kutaga katika kibanja cha jirani, yaani shamba la migomba lililoizunguka nyumba yake. Jirani huyo alikuwa mama mcheshi, mkweli kupita watu wote niliowajua kule, na Kiswahili alikuwa amejifunza dukani kwetu. Nilimwomba akiyaona mayai yangu aniokotee. Akakubali kwa moyo mweupe.

Asubuhi moja akaja, akapiga magoti kumwamkia shangazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mayai yangu yako wapi?”

“Yapo.”

“Yapo wapi?”

“Kwa mama yao. Nimeyakusanya yote nikayaweka chini ya kuku koo mmoja anayeatamia vizuri. Hakupotea hata moja.”

Nilikaa naye nikamweleza kwa utaratibu, kwamba sisi tunayataka mabichi, tuyale. Akanitazama kwa huruma. Kwao mwanamke hali kuku, seuze yai.

“Mnamla kabla hajazaliwa?” akauliza. “Hata chui humngoja mbuzi atoke tumboni.”

“Mwambie mimi sili kuku,” shangazi akasema. “Mimi nala yai.”

“Ndani ya yai mna nini, mama?”

“Mna kiini.”

“Na kiini kikikaa kinakuwa nani?”

Shangazi akageukia moto. “Huyu mwanamke ananitafutia safari,” akasema.

Jirani aliahidi kuniletea. Kesho yake aliniletea kweli, matano, ndani ya kikapu chenye nyasi laini. Nikapasua la kwanza: damu. La pili lilikuwa na jicho. Kumbe alimhurumia koo, akaona yale aliyoyalalia siku nyingi yamemchosha, akampokonya hayo na kumwachia mapya. Niliketi kizingitini nikalia kwa hasira, kuku wa aina nne wakinipita miguuni.

Siku msafara ulipofika, shangazi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Alfajiri ile jirani alikuwa ametuletea koo na vifaranga vyake, uani kote vimejaa kama njugu zilizomwagika. Shangazi alitoka na bakora yake kuvitazama.

“Huyu alikuwa wa Jumatatu,” akasema, akimwonyesha mmoja. “Yule mweusi wa Ijumaa, siku ile nilipokunywa uji mtupu. Vyote hivi ni vyakula vyangu.”

Wapagazi wakaita kutoka barabarani. Mume wangu akauchukua mzigo.

“Mama, wanakungoja.”

“Na wangoje. Humwoni mwewe?”

Mwewe alikuwa akizunguka juu ya migomba. Shangazi alisimama katikati ya vifaranga, bakora juu, akimtukana kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua. Kidimu alitoka jikoni akasimama karibu naye. Wapagazi waliita tena, wakacheka, wakaenda. Yeye hakugeuka mpaka mwewe alipopotea.

“Basi nipe uji,” akasema alipoketi. “Najua yai hakuna.”

“Hakuna, shangazi.”

“Vifaranga hivi vikikua vikawa matembe vitataga. Nitavingoja. Lakini yule jirani yako asikanyage hapa.”

Jirani alikuwa ameshaingia uani kwa nyuma, kikapu mkononi, akimtafutia koo mwingine mahali pa kuatamia.