Maharagwe Niliyoyaacha Barazani

Juzi, hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nilipita nje ya shule mpya ya chekechea nikasimama. Zimekuwa nyingi sasa, rafiki yangu: karibu kila mtaa una yake, yenye vigoda vya rangi na watoto wanaojichagulia kazi ya asubuhi. Nyuma ya ua niliona mtoto akitenga maharagwe kwa rangi, nami sikuweza kuendelea na safari.

Shule yetu sisi ilikuwa baraza la jirani, mama mmoja mwalimu. Vita ya kwanza ya Kongo ilikuwa imefunga shule aliyofundisha, akatukusanya sisi wadogo saba. Hakuwa na chaki wala fimbo. Alikuwa na makopo matupu ya nyanya, mchanga wa ziwani wa kuandikia kwa kidole, na maharagwe yaliyotoka Lubondja, huko milimani: mekundu, ya njano, ya madoa. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa ilitufunika mchana kutwa. Kila mmoja alichagua kazi yake. Sharti lilikuwa umalize, kisha urudishe kila kitu mahali pake. "Kazi haina mbio, iko na mwisho," alisema.

Baba, mvuvi, alicheka. "Leo umesoma nini? Bado maharagi? Basi mwezi kesho utafika kwa muhogo!"

Asubuhi moja risasi zililia upande wa milimani. Mama yangu aliingia barazani mbio, mdogo wangu mgongoni. Boti la kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, lilikuwa linajaa. Nilikuwa sijamaliza kutenga maharagwe yangu. Nikaendelea kuokota, moja moja.

"We mutoto! Bunduki iko inalia na we uko unachagua maharagi?"

Alinivuta, kopo likapinduka, nikang'ang'ania nguzo. Mama akaanza kulia.

Mwalimu alichuchumaa mbele yangu. Hakuinua sauti. "Enda na mama yako. Yako nitarudisha mie."

Nikaachia nguzo. Tulikuwa wa mwisho kupanda.

Tuliporudi baada ya miaka, pale barazani palikuwa majani matupu. Nimeuliza Fizi, nimeuliza hadi Kilembwe. Hakuna anayejua alikoelekea mwalimu. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na kila kimoja nimekimaliza. Lakini hadi leo huinuka mezani mara mbili, tatu, kuhakikisha kila kitu kimerudi mahali pake, kwa kuwa sijui kama maharagwe yale yalirudi.

Kengele ililia, watoto wakakimbia. Yule wa maharagwe alibaki, akaokota la mwisho, akafunika kopo.

Ndipo nikaondoka.