Nilivyoseti GPS ya safari ya Masalani nikakosa kitu kimoja tu tulichokifuata

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ni ya kweli tupu, na mjinga ndani yake ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Garissa, mtu wa kutoka down Kenya, yaani nje ya Kaskazini Mashariki. Rafiki yangu Hassan tunafundisha shule moja. Baba yake alifariki zamani, familia ikihama na mifugo upande wa Kotile, Hassan akiwa shule ya bweni. Akazikwa hukohuko porini. Anayelijua kaburi ni mama yake peke yake, na macho ya mama yameanza kuingia ukungu. Sote tunamwita hooyo, yaani mama kwa Kisomali.

Hassan akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa gadgets. Tumpeleke hooyo, wewe urekodi njia, ili hata akiwa haoni tena sisi tufike."

"Hiyo niachie," nikasema. Kiherehere!

Nikashusha app, nikakaa na settings kama mtu anayepanga harusi. Kurekodi kila sekunde nikaona itamaliza charge bure. Nikaweka ichukue point kila mita mia tano. Halafu nikawasha auto-pause, gari likisimama nayo isimame.

Hiyo auto-pause ilikuwa na sababu. Hassan akiona mchungaji, breki. Habari ya mvua, ya malisho, ya ngamia, ya nani ameolewa. Huku kumpita mtu bila kumuuliza habari ni kama kumtukana. Nikasema map yangu haitajaa mafundo ya point kwa ajili ya salamu.

Tukatoka asubuhi na mapema. Vumbi, chai, breki, salamu, breki tena. Tulipopita Kotile hooyo akaanza kuinama dirishani. Penye silanga moja, bwawa la kunyweshea mifugo, iliyokauka maji akampiga Hassan begani.

"Simama haba." Kwenye Kiswahili chake p hugeuka b.

Akashika mkono wa mwanawe, tukaingia vichakani kwa miguu. "Bole bole," akatuambia. Kushoto, kulia, tukazunguka migunga. Tukafika: mawe machache, yamezungushiwa miiba mikavu.

Hassan alilia. Mimi ni Mkristo, nikavua kofia nikasimama kando, simu mfukoni. Najua mtauliza kwa nini sikuweka pin. Jamani, watu wanaomba dua, mimi nibonyeze simu? Na si laini ilikuwa inajichora yenyewe?

"Mwalimu, hiyo kitu imeshika?" hooyo akaniuliza tukirudi garini.

"Imeshika, hooyo."

Tukaendelea hadi Masalani kusalimia jamaa zake, tukarudi. Nyumbani nikafungua map. Laini safi kabisa, kwenda na kurudi. Pale kwenye silanga, haikutoka barabarani hata kidogo.

Kwa mwendo wa hooyo, app ilidhani tumepaki. Na hata isingedhani hivyo, kaburi lenyewe haliko hata mita mia tano kutoka barabarani. Nilikuwa nimerekodi barabara ambayo kila dereva anaijua.

Hassan naye akasema miti yote ilikuwa sawa machoni pake, peke yake hafiki. Nilijisikia vibaya sana, wakuu. Kesho yake nikaenda mwenyewe kumwambia hooyo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Miaka yote naomba kubelekwa, hawa watoto wako na kazi. Sasa kwa sababu ya simu yako nitabelekwa mara mbili!"

Wiki iliyofuata tukarudi. Safari hii kila sekunde tano, mita sifuri, auto-pause nimezima, battery saver nimezima, simu kwenye charger ya gari. Dua ilipoisha nikaomba ruhusa, nikaweka pin. Mafundo ya salamu yamejaa kwenye map na nimeyaacha yote.

"Imeshika?" hooyo akauliza njiani.

"Imeshika kabisa. Sasa hata usipokuja, tutafika."

Hapo hakucheka. Akageukia dirishani, akasema, "Na haiwezi kuharibika kidogo?"

Hassan akanitazama kwenye kioo.

Funzo langu: kabla hujagusa settings, jiulize unarekodi nini hasa. Kama kuna sehemu ya kutembea na mzee, sahau mita, sahau auto-pause, na pin usione haya kuiomba. Nyinyi mnatumia interval gani safari ndefu? Mwageni maujuzi hapa.

File iko salama, nimeiweka mahali patatu. Hooyo tumemwambia imeharibika, na Jumamosi tunampeleka.