Swali Lililosahau Dada

Swali langu la kwanza la mirathi nililikosa kwa sababu niliona limeandikwa vibaya. Mtu amekufa bila wosia, lilisema, ameacha mke na watoto wawili. Eleza mali yake inakwenda kwa nani. Nililisoma mara tatu. Kisha nikajibu, kwa Kiingereza changu cha Jumapili, kwamba swali halijakamilika, maana halikutaja kama marehemu alikuwa na dada, na kama dada huyo ana mtoto wa kiume.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa mahakama ya chifu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, na mwanafunzi wa shahada ya sheria kwa njia ya posta. Masomo yalitoka Uingereza kwa meli, yakapanda treni, yakamalizia safari kwenye lori la samaki lililokuwa likirudi tupu kutoka migodini. Yalinifikia yamekunjamana na yananuka kama kila kitu chetu. Asubuhi niliandika hukumu za wazee: mtu akifa, mali yake ni ya mtoto wa dada yake, naye mtoto huyo hulichukua jina la marehemu na mahali pake. Alasiri nilisoma kinyume cha hayo, nikadhani ni Kiingereza tu kinanishinda.

Baada ya miezi karatasi yangu ilirudi na wino mwekundu. Dada hahusiki, mwalimu aliandika. Soma sura hiyo upya.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba, kaka yake mama. Mke wake alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kwa ajili yake nyumba nzima tulizungumza Kiswahili. Binti yao mkubwa alikuwa amesoma shule ya misheni, na ndiye aliyenishikia kurasa nikikariri masomo. Nilimzidi umri, yeye akanizidi ulimi; na kwetu binti wa mjomba ana ruhusa ya kukutania mpaka ukimbie. Alinipokonya karatasi.

"Baba, bazungu masikini," alisema. "Habana na badada!"

Mjomba aliuweka chini wavu aliokuwa akiushona. "Sasa mutu akikufa, boti yake inaenda kwa nani?"

"Kwa muke yake na batoto. Njo vile kitabu inasema."

"Batoto?" Mjomba alimtazama binti yake kidogo, akauokota wavu. "Bazungu beko na mambo."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mtoto wa dada nilikuwa mimi.

Sura ile ilinikataa. Nilikariri wiki nzima, na kila nilipofika kwa watoto ulimi ulinipeleka kwa mpwa. Binti wa mjomba alikwisha kuijua bila kutazama ukurasa. Nikikwama alinitangulia neno, kisha akaniita karani wa dagaa.

Mvua zilizofuata mjomba alishikwa na kifua, na siku ya nne akafariki. Wosia hakuacha. Aliacha boti ya mbao, nzuri, iliyokuwa ikibeba samaki mpaka Puta, upande wetu wa ziwa, na ng'ambo. Matanga yalipokwisha, mama yangu alinikalisha kwenye mkeka, akanifunga kiunoni mkanda wa kaka yake, akanipa maji ninywe, akawaambia watu kwamba mjomba hakwenda popote, huyu hapa. Mjane akanipigia makofi ya heshima huku analia. Binti yake akapiga magoti mbele yangu.

"Baba," akasema.

Nilidhani ananitania. Nilingoja acheke, hakucheka.

Basi boti ikawa yangu, na sitaficha, niliitaka. Lakini kila alasiri nikifungua kitabu kichwa kiliniruka. Mahakamani ningeapa kwamba boti ni yangu. Kwenye karatasi ningeapa kwamba si yangu. Viapo vyote viwili vingekuwa vya kweli, na mimi ni mtu mmoja, au labda sikuwa mmoja tena, kwa kuwa nilikuwa mjomba pia. Nilimwuliza mama. Akaniuliza kwa Kibemba kama kitabu ndicho kilichonizaa.

Siku moja binti alinikuta mezani. Alipiga magoti karibu na mlango, mbali kidogo.

"Baba, mama anasema turudie ng'ambo kwa bandugu yake. Anasema hapa hatuna na kitu." Akatazama sakafu. "Mu ile kitabu yenu, mutu akikufa, batoto yake banapata nini?"

Kitabu kilikuwa wazi chini ya kiwiko changu, ukurasa ule ule. Neno moja lilitosha. Ningesema "boti", na wasingeondoka. Niliona aibu, nikaona na hasira, sijui nilimkasirikia nani.

"Hatuyafika pale," nikasema.

"Ndiyo, baba."

Aliondoka polepole. Zamani angeniita mwongo mpaka majirani wasikie, na laiti angefanya hivyo. Lakini mtoto hamwiti baba yake mwongo. Wiki hiyo walivuka kwa boti ile ile, na vyungu vyao na mikeka yao, na mjane akanishukuru kwa kuwavusha.

Mtihani niliufanyia bomani Kawambwa, kwenye chumba kilichonuka rangi mbichi. Swali la tatu lilikuwa la yule yule mtu aliyekufa bila wosia, mke na watoto wawili. Nililikazia macho muda mrefu. Nikaanza kuandika, nikafika kwa watoto, nikakwama kama kawaida yangu, na hapo nikasikia sauti ya binti wa mjomba ikinitangulia neno, waziwazi, kama mtu aliyekaa kando yangu ameshika ukurasa.

Nikaliandika. Swali lile nilipata alama zote.